Zamu ya Bi Mkono

Asubuhi ya siku ya tuzo, fundi wa sauti wa ukumbi wa manispaa alipanda juu ya stuli ya jikoni ili amvishe mama yake gauni. Mkono wa kulia uliingizwa kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa juu, kisha kichwa, kisha mkono wa kushoto, ambao haukuwa na tatizo lolote. Ubavuni gauni lilikuwa na vifungo badala ya mshono, kutoka kwapani hadi kiunoni, na fundi alivifunga kimoja kimoja huku amebana pini kwa midomo. Mama alisimama wima akitazama ukutani na kulalamika kwamba chai inapoa.

Mkono ule ulikuwa juu tangu mkutano wa hadhara uliofuata kuungua kwa kiwanda cha magodoro. Fundi wakati huo alikuwa bado hajaolewa, sembuse kuachika. Moto ulianzia kwenye stoo ya sponji, mchana kweupe, na wafanyakazi wa kufunga mizigo wakakimbilia geti la nyuma kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Geti lilikuwa limefungwa kufuli kwa nje. Kitinda mimba wa mama, ambaye mshahara wake wa kwanza ulikuwa bado haujatoka, alikuwa miongoni mwa waliolikuta limefungwa.

Baada ya mazishi, halmashauri iliwaita wananchi ukumbini waulize maswali. Mama aliketi safu ya nyuma, akanyoosha mkono. Mwenyekiti alimwona. Alisema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Nimekuona, mama. Subiri zamu yako." Kisha akachukua maswali ya watu wa mbele, mengi yakihusu taa za barabarani, akawashukuru kwa utulivu wao na kuufunga mkutano. Mama ni mtu aliyelelewa akaleleka. Ameambiwa asubiri, akasubiri. Alirudi nyumbani mkono ukiwa juu, akalala mkono ukiwa juu, na kulipokucha haukushuka tena.

Walijaribu kuushusha, isije ikadhaniwa ndugu walikaa tu wakitazama. Mjomba, ambaye ni seremala na ana mwili wa kazi hiyo, aliudandia mpaka miguu yake ikaacha sakafu, akaning'inia hapo kama nguo iliyoanikwa. Mama alimwuliza kama amemaliza kucheza. Ikabidi mjomba ashuke, akachukua vipimo vya kitanda, akakata tundu kwenye ubao wa kichwani ili mkono upate pa kupita wakati wa kulala. Siku hiyohiyo akapandisha na fremu ya mlango.

Mtaa ulimpa jina la Bi Mkono, naye hakuona tusi ndani yake. Alizoeleka. Siku za mechi kubwa majirani walimwazima ashike antena. Akisimama ukingoni mwa barabara, magari yalisimama yenyewe, na wanafunzi wakavuka. Watu waliokuwa na shida walianza kumfuata, kwa sababu rahisi kwamba mkono wake ulionekana hata katikati ya umati, na mwenye kuonekana ndiye anayefuatwa. Ndivyo alivyojikuta akiongoza maandamano ya wachuuzi waliobomolewa vibanda, ndivyo zahanati ilivyopata mkunga, na ndivyo wapangaji wa nyumba za manispaa walivyoacha kutolewa vyombo nje bila notisi. Kwa watu wengine alipata mengi. Swali lake mwenyewe lilibaki palepale.

Si kwamba hakuuliza kwingine. Aliuliza ofisini, akaambiwa hilo ni swali la mkutano. Mkutanoni alinyoosha mkono, yaani aliingia nao, na wenyeviti waliofuata walimweleza kwa upole kwamba hawana mamlaka ya kutoa zamu iliyoahidiwa na mwenyekiti mwingine. Mwenyekiti huyo mwingine alikuwa amepanda cheo muda mfupi baada ya moto, akahamia mji mkubwa, akawa Mheshimiwa. Kila mtu alijua kwamba shemeji yake ndiye aliyekuwa na hisa katika kiwanda. Kujua na kujibiwa ni vitu viwili.

Sasa barua ya manispaa ilikuwa imefika: Bi Mkono atapewa Tuzo ya Utumishi kwa Jamii, kwa uongozi wake katika kutetea haki za raia, na mgeni rasmi atakayeikabidhi ni Mheshimiwa.

"Chai imeshapoa," mama alisema.

"Nitaipasha. Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

Hakuwa amemeza. Daktari alikuwa amesema moyo wake umechoka kusukuma damu kuipandisha mlima usiku na mchana, na kwamba mkono ule ukikaa juu hivyo, mwaka ujao mama hataufikia. Alisema hivyo mbele ya fundi, huku akipima presha kwenye mkono wa kushoto. Hakuuliza kwa nini mkono uko juu. Yeye pia aliwahi kuvushwa barabara nao alipokuwa mwanafunzi. Fundi alitoka pale kliniki na jambo moja tu kichwani: mkono ushuke. Na aliyeusimamisha alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa anakuja.

* * *

Chumba cha mitambo kiko juu ya mlango mkuu wa ukumbi, nyuma ya kioo, na anayekaa humo huona vichwa vyote. Kwa ajili hiyo ukumbi ulikuwa na utaratibu wake, ambao wageni huucheka. Mtu akitaka kuuliza, hunyoosha mkono na kunyamaza. Fundi wa sauti ndiye anayebonyeza swichi nyekundu, ile inayofungua kipaza chake mwenyewe, na kusema, "Mwenyekiti, kuna mkono." Mwenyekiti huuliza, "Wapi?" Fundi hutaja mahali. Mwenyekiti husema "Aongee" au "Ashushe," basi. Pasipo fundi kutangaza, hakuna mkono, hata kama watu wote wanauona.

Fundi alikuwa ameitangaza mikono ya kila namna: ya walevi, ya madiwani, ya mtu aliyekuwa anajinyoosha tu viungo. Wa mama yake hakuwahi kuutangaza. Siku aliyoajiriwa alipewa funguo, koti la bluu na agizo moja. Mkono ule hautangazwi, unajulikana. Alikuwa na mtoto wa kulea na mume aliyekuwa ameshaanza kufungasha, akatia saini. Tangu hapo, kila mkutano, alikaa nyuma ya kioo akiutazama ule mkono safu ya nyuma, kidole kikiwa karibu na swichi, na kidole hakikushuka. Aliona aibu kila mara. Aibu hiyo ilikuwa imemzoea, ikawa inamsubiri kwenye ngazi kama mtu anayekwenda kazini naye.

Alikuwa anajaribu vipaza, "moja, mbili, moja, mbili," Katibu wa kamati ya tuzo alipopanda. Katibu alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza, anayefuta kiti kabla hajakaa.

"Dada yangu, hongera. Mama ametutoa kimasomaso."

"Ahsante, Katibu."

"Tulikuwa na kikwazo kidogo, tumekimaliza." Alifuta kiti, akakaa. "Mkono wa kulia wa mama una shughuli. Na Mheshimiwa hawezi kumkabidhi mtu mzima kitu mkono wa kushoto, itakuwa dharau, wapiga picha wamejaa. Tumekaa vikao. Sasa tumepata stuli, tumeivisha zulia. Mheshimiwa atapanda, kikombe cha tuzo atakiingiza mkononi kulekule juu."

Fundi alizima kipaza alichokuwa anakijaribu.

"Hebu ona hiyo picha! Mama ameinua kikombe. Watu watasahau kwamba mkono ulikuwa juu kwa sababu nyingine. Na akishakishika, si ndiyo basi? Ana haki ya kukaa nacho hivyo maisha yake yote."

Fundi aliiona picha hiyo vizuri kuliko Katibu alivyotaka. Mwenye kuinua kikombe ameshinda, na aliyeshinda haulizwi anataka nini. Mama yake angetembea mjini na kikombe angani mpaka moyo usimame, na watu wangempigia makofi njia nzima.

"Wewe kazi yako ni nyepesi," Katibu aliendelea. "Kikombe kikigusa vidole tu, piga muziki. Sauti ya juu. Mama asipate taabu ya kusema lolote."

"Na kipaza cha kwenye kola? Ratiba inasema washindi wote wavalishwe."

"Mvalishe, kinapendeza. Kisiwashwe." Alisimama, akajifuta suruali. "Mkataba wako upo mezani kwangu, unaisha mwezi huu. Natamani niusaini nikiwa na furaha, dada. Na nyumba mnayokaa si ni ya manispaa? Mambo haya yote yanakwenda pamoja."

Akashuka ngazi taratibu akishikilia chuma cha pembeni kwa leso.

* * *

Nyuma ya jukwaa, fundi alimbana mama yake kipaza kwenye kola na kuuficha waya chini ya vifungo vya ubavuni. Kwa haraka yake pini ikamchoma mama.

"Taratibu. Unanishona au unanivalisha?"

"Mama, wanataka kukuwekea kikombe mkononi. Huo wa juu."

"Basi kitaanguka. Mkono huu una kazi."

"Wameniambia nipige muziki, usisikike."

Mama hakushangaa. Alikuwa na jasho juu ya mdomo na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo fundi hakuipenda. "Hakuna haja ya kusikika kabla ya wakati. Leo tutakuwa uso kwa uso. Ataniona, atanipa zamu yangu."

"Amekuona siku zote, Mama. Alikuona siku ileile! Hebu muulize tu, wewe fungua mdomo uulize, kuna nini?"

"Niropoke? Mbele za watu?" Mama alimtazama kama aliyemkuta anakula amesimama. "Mtu ameniambia nisubiri, nikakubali. Nikiropoka sasa watasema yule mama alikuwa mkorofi tangu mwanzo, na swali lake ni la mkorofi. Na mdogo wako atakuwa mtoto wa mkorofi. Nimesimama hivi miaka yote ili lisiwe swali la mkorofi."

Fundi alimfuta jasho kwa kiganja, akapanda ngazi za chumba cha mitambo akihema.

Ukumbi ulijaa mapema. Safu za mbele zilikuwa za madiwani na wake zao. Za nyuma zilikuwa za wachuuzi, wapangaji, na ndugu wa waliokufa kiwandani, ambao tangu mkutano ule walikuwa na mazoea ya kukaa pamoja bila kupanga. Mshereheshaji alichekesha kidogo, kisha akamwita mwalimu mstaafu aliyefungua maktaba gereji kwake, akapewa kikombe, muziki ukapigwa. Akamwita mzee aliyepatanisha mitaa miwili iliyokuwa ikigombea bomba la maji. Kikombe, muziki. Vipaza havikupiga mluzi hata mara moja. Fundi alikuwa anafanya kazi yake vizuri, na hilo lilimtia hofu zaidi, kwa kuwa aliona jinsi mikono yake ilivyokuwa tayari kuendelea hivyohivyo hadi mwisho.

Ndipo wasifu wa mama ukasomwa. Walitaja wanafunzi waliovushwa barabara. Walitaja zahanati, vibanda, wapangaji. Walisema ni mfano wa subira kwa kizazi cha sasa kisichojua kusubiri. Kuhusu moto walisema "baada ya tukio lile la kusikitisha," wakapita. Bi Mkono alipanda jukwaani peke yake, polepole, akipumzika kila ngazi, na mapazia ya juu yakalazimika kuvutwa kidogo ili mkono upite. Watu walimpigia makofi kwa moyo kabisa. Wengi wao walikuwa wanampenda.

Mheshimiwa alikuwa amenenepa na kupendeza. Stuli ililetwa, akashikwa kiwiko, akapanda. Sasa kifua chake kilikuwa mbele ya uso wa mama na uso wake ulikuwa mbele ya kiganja. Alikiweka kikombe kwenye kiganja, akatabasamu kuelekea kwa wapiga picha.

Vidole havikufumba.

Alikisukuma kidogo. Akajaribu kuvikunja vidole, kwanza dole gumba, kisha vingine, kwa subira ya mtu anayemvalisha mtoto glavu. Kila alichokikunja kilijikunjua. Mama alikuwa anamtazama kutoka chini, amefumba mdomo, akingoja kwa adabu. Wapiga picha walishusha kamera. Pembeni ya jukwaa Katibu aliinua uso kuelekea kwenye kioo na kuzungusha kidole hewani: muziki, muziki, sasa.

Fundi aliyaona yote. Aliona midomo ya mama yake imekuwa ya kijivu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha muziki, akawaza nyumba, akawaza vyombo vyao vikiwa nje kwenye mvua, akawaza mtoto wake ambaye mitihani ilikuwa karibu. Kisha akasogeza kidole na kubonyeza swichi nyekundu.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nane, "kuna mkono."

Feni za ukumbini zikasikika.

"Wapi?" Mheshimiwa aliuliza. Ilimtoka kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi akiwa usingizini.

"Mbele yako, Mheshimiwa."

Fundi alikiwasha kipaza cha kwenye kola. Spika zikajaa pumzi za mama, fupi na nzito, na chini ya pumzi moyo wenyewe ulisikika ukigonga na kuruka, ukigonga na kuruka. Watu wote walikaa wakiusikiliza. Mwalimu mstaafu alivua miwani. Katibu alikuwa amekimbilia mlango wa ngazi za mitambo, ambao fundi alikuwa ameufunga kwa komeo alipopanda, jambo ambalo hata mwenyewe hakukumbuka kulifanya.

Mheshimiwa alikitazama kile kiganja. Hakuwa mjinga. Watu wajinga hawapandi vyeo namna ile. Aliutazama ukumbi, akawatazama wapiga picha, na fundi akamwona akipiga hesabu usoni kabisa, moja kwa moja, bila haya. Kisha akasema neno moja.

"Aongee."

Mkono ukashuka. Ulishuka taratibu, bila kutikisika, ukapita mbele ya pua ya Mheshimiwa na kando ya sikio la mama, ukalala ubavuni mwake palipokuwa na vifungo. Hakuna aliyepiga kelele. Nyuma kabisa mtu alisema "Haya," kama anavyosema mtu ambaye mgeni wake amefika kwa kuchelewa. Kwenye spika, moyo uliacha kuruka. Ukagonga, ukagonga, ukagonga sawasawa, na fundi akaanza kulia bila sauti huku akishusha kidogo sauti ya besi.

"Ahsante, Mwenyekiti," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyejiandaa sana. "Swali langu ni moja. Nani aliagiza geti la nyuma la kiwanda cha magodoro lifungwe kufuli kwa nje, wakati watoto wetu wako ndani?"

Pale walipokaa ndugu wa waliokufa, watu walishikana mikono. Hata mshereheshaji, ambaye mdomo wake ndio ugali wake, alitazama viatu. Kila mtu alisubiri jina.

Mheshimiwa alikuwa bado yuko juu ya stuli, kikombe kifuani.

"Ahsante sana, mama, kwa swali zuri," alisema. "Limepokelewa."

Akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe, kwa kugonga kikombe. Mshereheshaji akadaka, "Makofi kwa Bi Mkono!" na safu za mbele zikapiga, na safu za kati, kwa kuwa makofi ni kama miayo. Mheshimiwa akashushwa kwenye stuli. Sasa hapakuwa na kikwazo. Alimpa mama kikombe mkono kwa mkono, kulia kwa kulia, na mama akakipokea, maana mtu akikupa kitu kwa mkono wa kulia mbele za watu unapokea. Kamera zikamulika. Katibu, ambaye alikuwa ameacha kugonga mlango, alisimama pembeni akiwa amekunjuka uso kabisa. Unaweza kusema alikuwa anajuta tu kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi namna ile na hakuna aliyelifikiria mapema.

Fundi naye alikuwa anawaza hilohilo, na hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Neno moja. Lingeweza kusemwa siku ileile ya mkutano, mama akarudi nyumbani akalalia ubavu autakao. Lingeweza kusemwa hata kwa simu. Walimwogopa mwanamke mzima na swali lake miaka yote hiyo, wakauacha moyo wake uchoke, na swali lenyewe lilipokuja likazimwa kama mshumaa wa keki. Limepokelewa. Limepokelewa na nani? Na jibu litatoka kwa nani, lini?

Utaratibu wa ukumbi uliruhusu swali la nyongeza. Fundi alisimama, akanyoosha mkono wa kulia nyuma ya kioo. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuutangaza, alibonyeza swichi nyekundu kwa mkono wa kushoto.

"Mwenyekiti, kuna mkono. Nyongeza."

Makofi yalififia. "Wapi?"

"Chumba cha mitambo."

Mheshimiwa aliinua uso, akaweka kiganja juu ya macho kujikinga na taa. Alimwona. Safari hii hakuhitaji kupiga hesabu yoyote. Alitabasamu kwa upole wa kweli, upole wa mzazi.

"Nimekuona, binti yangu. Subiri zamu yako."

Kisha akawakaribisha wote chai.

* * *

Watu walitoka kwa mazungumzo ya kawaida, wakisifu ratiba kwenda na wakati. Ndugu wa waliokufa ndio waliobaki vitini mwao, kwa muda, wakitazama jukwaa tupu. Mmoja alisema angalau limeulizwa. Mwingine akasema ndiyo, limeulizwa, na akachukua mkoba wake.

Sikio lilimwasha fundi. Akataka kujikuna, na mkono haukuja. Aliujaribu mara moja tena, bila matumaini makubwa, kisha akajikuna kwa mkono wa kushoto na kuanza kuzima mitambo. Spika kwanza, vipaza baadaye, ili zisikohoe.

Aliposhuka kufungua komeo Katibu alikuwa mlangoni, akapanda nyuma yake. Alitazama mkono, akatazama dari ilivyo karibu, akashusha pumzi kama mwenye kikao kingine.

"Na wewe?"

"Nimeambiwa nisubiri."

"Kazi hii ni ya mikono miwili, dada. Unaelewa hilo? Simtilii saini mtu nisiyejua ataendeshaje mashine." Alisema bila ukali. Alionekana kuchoka. "Na huo usiutangaze tena. Unajulikana."

Akashuka. Katika mlango wa chini alimpisha Bi Mkono, akampongeza tena, akataka kumshikia kikombe apate kupanda. Mama alikataa, akapanda nacho, kikombe mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukivuta chuma cha ngazi. Hakupumzika njiani. Rangi ilikuwa imerudi midomoni. Alipofika juu aliona, na akakaa kwenye kiti alichokuwa amekifuta Katibu asubuhi.

Chini, mfagizi alikuwa anapanga viti.

"Umemwuliza nini?" mama aliuliza.

"Sijauliza. Nilitaka kujua limepokelewa na nani."

Mama alikiweka kikombe sakafuni. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa hasira zaidi kuliko uchungu, akilia na kujifuta kwa ule mkono wa kulia, ambao ulikuwa haujazoea uso na ulimpiga jicho mara mbili. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akasimama, akamsogelea mwanawe, akaupapasa mkono wake kuanzia begani, akaminya hapa na pale kama anayepima unga uliokandwa. Kwenye kiwiko alisimama, akaguna, akakisukuma juu kwa kiganja.

"Nyoosha kiwiko," alisema. "Ukikilegeza watasema unawapungia."

Fundi akanyoosha.